Nani Aanze Kuogeshwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wenzangu mnaokoroga matangi: habari za mchana.

Nimeombwa nizindue sabuni yetu mpya ya watoto kwa kumwogesha mwanangu mbele yenu. Beseni hili hapa, povu limefurika hadi ukingoni. Nashukuru kwa heshima hii. Lakini mzazi akikubali kila anachoambiwa, mtoto atalindwa na nani?

Shule yangu ni fupi, ila mkemia wetu ana subira. Alituambia, "Jamani, sabuni hii inatokana na sukari na mafuta, na hivyo viwili havipatani. Kiyeyusho hiki cha mimea kinavikutanisha, kimeng'enya kinavifungisha ndoa. Ila kimeng'enya hakitaki joto kali, kikiungua, kimekufa." Sisi tuliozoea sabuni ya kuchemsha tulicheka: isipotokota itaivaje? Basi juzi fundi wa mitambo, kwa mazoea yale yale, akaongeza moto. Tangi likagoma. Mafuta juu, sukari chini, povu hakuna.

Kesho yake asubuhi, povu tele! Nikamuuliza fundi, "Kaka, kimeng'enya marehemu kimefufuka?"

"Dada, wewe koroga tu. Mambo ya povu waachie wenyewe."

Wenyewe ni akina nani, na mkemia yuko safarini? Na mbona viganja vyangu vinawasha tena, kama enzi za ile dawa kali ya povu tuliyotia kwenye sabuni za zamani? Simtuhumu mtu. Huenda ni maji. Lakini sabuni ya sukari naijua, povu lake lina haya. Hili la leo linapiga kelele.

Msinielewe vibaya. Naitamani sabuni hii kuliko yeyote humu. Ngozi ya mwanangu inapasuka kwa kila sabuni ya dukani, na ile ya majaribio, aliyoitengeneza mkemia kwa mkono wake, ndiyo pekee iliyomlaza bila kujikuna. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Bwana Mkurugenzi, namwona mjukuu wako pale mbele, kapakatwa na bibi yake, kanona kweli kweli. Beseni ni pana. Atangulie yeye, wangu afuate.

Haya, mleteni.

Naona bibi amemvuta kifuani. Mama, sikulaumu hata kidogo. Na mimi wangu simwachii. Basi tumsubiri mkemia arudi, tangi lioshwe, tuanze upya kwa moto wa polepole. Siku hiyo nitakuja bila kuitwa.

Asanteni kwa kunivumilia hadi neno la mwisho.