Mabati ya Mama Mkwe

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemezwa ukutani kwa kinyozi, pale barabara inapokata kona kwenda kwenye stoo za vifaa vya ujenzi. Anayekaa ncha moja akiinuka ghafla, wa ncha ya pili anakwenda chini na kahawa yake, kwa hiyo hapa watu huagana kabla ya kusimama. Asubuhi hiyo walikuwepo wenyewe. Waya, fundi umeme, mtu mwembamba anayejua sababu ya kila kitu kuharibika. Bima, mstaafu aliyeuza bima maisha yake yote na ambaye hajawahi kumaliza sentensi mbili bila kuwasingizia wahenga. Mama Birika mwenye kahawa yake. Na mwenye ukuta, kinyozi waliyempa jina la Makasi, ambaye siku hizi anafungua duka mapema hata kabla ndevu za watu hazijaamka.

— Nina jamaa yangu mmoja, Makasi alianza, akipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Kapatwa na jambo.

— Jamaa gani? Waya akauliza.

— Hamumjui. Wa mbali.

— Wa mbali ndio wenye mambo. Lete.

— Kalipia mabati. Kalipa yote, hakubakiza hata ya soda. Mpaka leo hajaona hata msumari.

— Kalipa kwa nani?

Makasi akaipuliza tena kahawa.

— Kwa Bosi Bati, yule wa stoo ya mabati.

Benchi likacheka, kicheko kirefu kuliko kilivyostahili.

— Jamaa yako apunguze presha, alisema Waya. Mabati yapo. Tatizo ni mizani ya barabarani. Bati likipigwa jua linatanuka, si ndiyo? Lori likifika kwenye mizani linaonekana limezidisha uzito. Wanalirudisha kivulini lipoe.

— Kutanuka na uzito wapi na wapi? aliuliza Mama Birika.

— Wewe mguu ukivimba si unauona mzito?

— Waya, usipotoshe watu, Bima akaingilia. Hapa tatizo ni rangi. Huyo jamaa alichagua rangi gani?

— Maruni, alisema Makasi, haraka mno. Nadhani maruni. Nilimsikia kama anasema maruni.

— Basi kajitakia. Maruni haikauki na mawingu haya. Wanapaka, wanaanika, mawingu yanakuja, wanaanua. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Bati moja likikauka, linakaa linamsubiri mwenzake.

— Bima, hiyo methali ni ya kuweka akiba.

— Na bati si linawekwa akiba?

Mama Birika akamwongezea Makasi kahawa bila kuombwa.

— Lakini paa la zamani si lipo? Avumilie nalo.

— Kaliezua, alisema Makasi.

— Kaliezua kabla mzigo haujafika?

— Aliambiwa lori litakuwa mlangoni kesho yake alfajiri, aezue mapema mafundi wasije wakakaa bure. Akaezua.

— Na yale mabati ya zamani?

Makasi akakuna shavu. Hili alijua litakuja.

— Kampa jirani, kaezekea banda la kuku.

Hapo hata mpita njia aligeuka kuangalia kunani. Waya alicheka mpaka akashika ubao. Alisema ina maana usiku mvua ikinyesha kuku wanamchungulia mwenye nyumba na kumpa pole. Bima alifuta machozi na kusema bima ya upumbavu hakuna kampuni inayoiuza, yeye mwenyewe alishawahi kuulizia.

Makasi akacheka nao, kwa kuwa asiyecheka angeulizwa. Jamaa wa mbali alikuwa amekaa hapo hapo, ncha ya ubao. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wake. Watoto wote wa yule mama walichanga wamwezekee upya, na walipokaa kuchagua nani ashike shughuli, mke wa Makasi alisema mume wangu anajuana na watu wa stoo. Badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili zake, Makasi akaitikia kwa kichwa, tena kwa maringo. Sasa mama mkwe analala sebuleni kwake, kwenye kochi la watu wawili, amekunja miguu. Hajalalamika hata mara moja, na hilo ndilo linalomuua Makasi. Kabla hakujapambazuka ameshakunja shuka zake na kuzisukuma nyuma ya kochi, kisha anakaa wima na mtandio wake kana kwamba amepita tu kusalimia. Makasi anakohoa mlangoni kabla ya kuingia kwenye sebule yake mwenyewe. Kila asubuhi yule mama anamwambia, umeamkaje baba, pole na mihangaiko, na habari ya mabati haigusi. Angemtukana, Makasi angepona. Aliona aibu mpaka kula mbele yake kulimshinda, akawa anaaga kwamba ana wateja.

— Kwani huyo Bosi Bati simu anapokea? Mama Birika akauliza.

— Anapokea vizuri sana. Anasema mzigo uko njiani.

— Hapo sasa, alisema Bima, akiinamia mbele, na sauti ikashuka kama ya mtu anayeuza siri. Nyie mnadhani Bosi Bati ni mmoja?

— Ni wangapi?

— Wawili. Pacha. Mmoja anapokea pesa, mwingine anapokea simu. Yule wa simu hajui pesa zimelipwa, yule wa pesa hajui simu imepigwa. Kwa hiyo hakuna anayesema uongo. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Ainame nani hapo?

— Mwenye nyumba. Kwani kwenye kile kiti cha ofisini kwake utakaaje kama hujainama? Kile cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Unakaa umepinda upande kuanzia asubuhi, karani anakwambia bosi katoka kidogo, anarudi sasa hivi.

Makasi akamtazama. Kiti hicho alikijua. Mgongo ulimuuma siku nzima kwa ajili yake. Lakini kiti hicho hakiko dukani mbele, kiko chumba cha nyuma, na chumba cha nyuma hapelekwi mnunuzi. Anapelekwa mtu aliyekuja kudai, asije akasikika na wateja.

— Wewe Bima, kile kiti umekikalia lini?

— Nani? Mimi? Nimesimuliwa.

Waya alikuwa ameanza kuhangaika na kikombe, anakizungusha, anakizungusha.

— Achaneni na pacha, alisema. Hamjui utaratibu wa pale nyie. Pale ni foleni. Mzigo wako ukikwama, Bosi anakwambia taratibu kabisa, niletee mteja. Ukimpelekea mteja mpya, pesa yake ndiyo inautoa mzigo wako.

— Na huyo mpya, mzigo wake utatolewa na nani? aliuliza Mama Birika.

— Naye atapeleka mwenzake.

— Na yule wa mwisho?

— Wa mwisho hayupo. Watu wanazaliwa kila siku, Mama Birika. Watajenga tu.

Hakuna aliyecheka safari hii. Maneno hayo, niletee mteja, Makasi naye aliambiwa na Bosi Bati, kwa sauti hiyo hiyo ya taratibu, mkono ukiwa begani kwake, na mteja akampeleka.

— Umeyajulia wapi hayo? akauliza.

— Kwa jamaa yangu mmoja.

— Jamaa gani?

— Hamumjui, alisema Waya, akiangalia barabarani. Wa mbali.

Ndipo Makasi akakumbuka ni nani aliyemsifia Bosi Bati kwa mara ya kwanza. Ilikuwa hapa hapa, na alikuwa Bima. Alisema yule ni mtu safi, ahadi kwake ni deni. Na kabla ya hapo Bima mwenyewe, aliyekuwa anajenga vyumba vya kupangisha ambavyo siku hizi hataki vitajwe, alipelekwa kule na Waya, wameshikana mikono kama maharusi. Wote watatu wamekunywa kahawa ubavu kwa ubavu msimu mzima, wakichambua mpira na ndoa za watu. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake, ndugu yangu, nimeliwa.

Bima akakohoa.

— Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

— Hiyo sasa umeipatia, alisema Mama Birika. Ila umeitoa wakati vichwa vyote vimeshang'aa.

Hapo ndipo alipokuja mwanamke mmoja, anatembea haraka, aproni imejaa nyuzi za rangi rangi, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Makasi alimtambua kabla hajafika. Akatamani kuingia dukani, lakini yeye ndiye aliyekaa ncha ya ubao, na angeinuka ghafla Waya angeanguka.

— Hamjambo jamani. Samahanini kwa kuwakatisha.

— Hatujambo, karibu.

— Sikai, nimeacha cherehani na mteja mlangoni. Kaka, alisema, akimgeukia Makasi na kutabasamu, nimefurahi kukukuta. Unanikumbuka? Nilipita hapa nikauliza duka la mabati, ukanisindikiza mpaka pale kwenye kona.

— Nakukumbuka, dada.

— Nilimlipa bwana. Mtu mpole, nimempenda. Sasa kanipigia simu asubuhi hii, anasema mzigo uko njiani, nianze kuezua ili mafundi wasikae bure. Nimeshawapandisha juu. Ila wanangu bado wadogo, na haya mawingu siyapendi. Nikasema ngoja nikaulize kwa wanaomjua. Eti mzigo wake huwa unachukua muda gani kufika?

Makasi alimwangalia Waya. Waya alimwangalia Bima. Mama Birika, ambaye hakuwahi kununua bati maishani mwake, aliwatazama wote watatu mmoja mmoja, na uso wake ukabadilika.

— Jibuni basi, alisema. Mtu kauliza.

— Inategemea, alisema Waya. Ya mizani hakuitaja.

Makasi aliona kochi. Aliona shuka zilizosukumwa nyuma yake, na yule mama aliyekaa wima gizani ili mkwewe asione haya. Jamaa wa mbali angeweza kujibu vizuri tu, angesema siku chache, dada, usiwe na wasiwasi, na huenda mchana huo huo, kwa pesa ya dada, Bosi Bati angetoa mabati machache ya maruni.

— Dada, alisema, wapigie mafundi. Washuke.

— Washuke kwa nini?

— Hakuna mzigo. Mimi wangu haujafika. Mama mkwe wangu analala sebuleni kwangu, paa lake nilishaliezua.

Alisema hayo akiangalia viatu vya yule mwanamke, vyenye vumbi la njia aliyokuja nayo. Waya alisema polepole kwamba wake pia haujafika. Bima akainua kidole kama mwanafunzi, akakishusha.

Yule mwanamke alitoa simu kwenye aproni.

— Fundi, acheni. Nimesema acheni. Mmetoa kiasi gani? Upande wa chumba cha watoto wote? Rudishieni basi. Yaliyopinda yanyoosheni, pigilieni misumari hiyo hiyo. Ndiyo, najua yatavuja. Rudishieni.

Akairudisha simu, akaifuta futi yake kwa kiganja, bila sababu. Makasi alijiandaa kutukanwa. Alitaka kutukanwa. Mama Birika alimsogezea yule mwanamke kikombe, akakikataa kwa mkono, kwa adabu.

— Kaka, alisema, na hakupandisha sauti. Siku ile uliponisindikiza mpaka kwenye kona, ulikuwa umeshajua?

Makasi akageukia benchi, akitafuta hata mmoja wa kumsaidia kusema hapana.