Lorna Kathambi, Mama wa Ligi ya Mlima

Wasifu huu unasomwa na kaka yake, Antony Mwiti, Kithimu, Embu, Jumatano tarehe 15 Septemba 1999

Lorna Kathambi alizaliwa tarehe 2 Juni 1969 huko Laare, katika vilima vya Nyambene, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Koome na Mama Gatwiri. Juma lililopita alikuwa mzima, akipanga safari. Leo familia mbili zimesimama kando ya kaburi lake, na wapo miongoni mwetu ambao bado wanatupia macho barabarani kana kwamba atashuka kwenye gari akiomba radhi kwa kuchelewa.

Utoto wake ulipita katika shamba la miraa. Wakati huo, kama ilivyo hata sasa, ilikuwa mwiko msichana kupanda mti wa miraa. Lorna alipanda. Wavulana walikuwa wakicheza mpira wa matambara kwenye uwanda ulio chini ya shamba, naye alitaka mahali pa juu pa kuutangaza mchezo huo kama alivyosikia watangazaji wa redio wakifanya. Aliita majina ya wachezaji, akawapa timu kubwa za Nairobi, na bao lilipoingia sauti yake ilifika sokoni. Mzee Koome aliposikia sauti ya mtoto wa kike ikitoka mtini, alimteremsha na kumchapa, na mti huo haukuvunwa msimu mzima. Jambo hilo lilizungumzwa Laare kwa muda mrefu.

Alisoma shule ya msingi hapo Laare, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1982, kisha akaingia shule ya bweni ya wasichana karibu na mji wa Meru alikomaliza kidato cha nne mwaka 1986. Walimu wake waliandika kwamba ana akili na maneno mengi, na hawakusema ni kipi kilichozidi. Mwaka 1987 alikwenda Embu kusomea uhazili. Alipofika hakujua Kiembu, na wenzake wakamcheka kwa Kimeru chake cha Igembe. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa akiwachekesha kwa Kiembu chao wenyewe.

Mwaka 1989 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Embu. Hapo ndipo alipokutana na Mwaniki Rwamba, ambaye alikuwa karani wa posta na alikuja kuleta barua hata siku ambazo hakukuwa na barua. Walifunga ndoa kanisani hapa Kithimu tarehe 10 Aprili 1993. Mungu akawajalia watoto wawili: Rwamba, aliyezaliwa mwaka 1994, na Celina, aliyezaliwa mwaka 1997 na kupewa jina la mama mkwe wake. Mwaniki hupenda kusema kwamba katika nyumba yao yeye alikuwa kimya na Lorna alikuwa redio, na kwamba hakuna siku aliyotamani kuizima.

Serikali ilipopunguza wafanyakazi mwaka 1995, Lorna alikuwa mmoja wa waliorudishwa nyumbani. Hakukaa kulia. Alikodi chumba nyuma ya stendi ya Embu, akaweka taipureta, na kwenye kona akaweka televisheni na mashine ya gemu aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, ili watoto wa wateja wasiwasumbue mama zao. Mwaka haukuisha kabla kona haijakimeza chumba. Taipureta iliuzwa. Televisheni zikawa tatu, na vijana walipanga foleni hadi nje wakingoja zamu ya kushika padi, kile kidude cha vitufe kinachomwendesha mchezaji kwenye kioo.

Si kila mtu aliyefurahi. Mwalimu mkuu wa shule moja ya jirani alikuja na fimbo mkononi kutafuta wanafunzi wake, akawapata. Wazazi walisema mwanamke huyo anawafundisha watoto uvivu, na kanisani kuna waliobadili benchi alipoketi. Lorna hakubishana nao. Alimwomba mwalimu mkuu aketi, akammiminia chai, na wakakubaliana kwamba mtu yeyote mwenye sare ya shule hatavuka kizingiti, na siku za masomo mlango hautafunguliwa kabla ya shule kufungwa. Mwalimu mkuu yule yuko hapa leo. Ndiye aliyeleta viti mnavyokalia.

Mapema mwaka 1997 Lorna alianza kuzunguka. Alikwenda Meru mjini, akaenda Maua, akarudi kwao Laare, kila mahali akiwatafuta watu wenye mashine za gemu na kuwaambia kwamba vijana wakicheza wenyewe kwa wenyewe hawatajua kama wanajua. Ndivyo Ligi ya Mlima ilivyozaliwa: timu nne, mchezo mmoja wa kandanda ya televisheni, mechi kila Jumamosi, mwenyeji akiwalisha wageni. Nahodha wa Embu alikuwa Munyi, fundi wa baiskeli. Nahodha wa Maua alikuwa Mahad Burale, ambaye baba yake husafirisha miraa kwenda Nairobi. Vijana hawa wawili walipokutana mara ya kwanza hawakusalimiana.

Fainali ya kwanza ilipangwa kufanyika Embu mwezi wa Novemba mwaka huo, na kila mtu anayekumbuka mvua za El Niño anajua kilichotokea. Barabara ilikatika upande wa Chuka. Timu ya Maua ilikwama ng'ambo ikiwa imelowa, na hapa Embu ukumbi wa Lorna ulikuwa umejaa watu wanaosubiri. Muda uliowekwa ukapita. Munyi alisimama na kusema kwamba sheria iliandikwa na madam mwenyewe: timu isiyofika imeshindwa, kwa hivyo kikombe ni cha Embu. Watu wakapiga makofi.

"Kikombe cha kumshinda nani, Munyi?" Lorna alimuuliza. "Mvua?"

Alichomoa nyaya, akafunga televisheni kwa blanketi ya kitanda chake, na Mwaniki akaibeba mgongoni hadi kwenye gari. Walisafiri hadi pale barabara ilipokatika. Vijana wa Maua wakavuka kwa miguu wakishikana mikono, matope yakiwafika kiunoni, na fainali ikachezwa katika hoteli ya chai iliyokuwa karibu, mwenye hoteli akiwagawia supu. Embu ilifungwa, mabao matatu kwa mawili. Lorna alimkabidhi Mahad kikombe na kuutangaza ushindi huo kwa sauti ileile ambayo angetangaza ushindi wa timu ya kwao. Kwa majuma kadhaa baadaye kuna watu mjini waliokuwa wakimpita bila kumsalimia. Munyi ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi. Alimwambia kwamba ameshindwa vizuri, na kwamba hakujua kuna kitu kama hicho.

Mzee Koome alikuwa amesikia habari za binti yake zikiwa zimeongezewa chumvi njiani. Aliambiwa kwamba Lorna anafuga vijana wasio na kazi na kuwachezesha kamari. Fainali ya mwaka 1998 ilipofanyika katika ukumbi wa kanisa mjini Meru, Mzee alikuja bila kumwambia mtu, akiwa na nia ya kumchukua mwanawe mbele ya watu wote. Aliketi nyuma. Akaona vijana wa Laare, wa Embu na wa Maua wamebanana benchi moja, Wakristo na Waislamu, hakuna aliyekunywa, hakuna anayetukana. Akamwona Lorna mbele, mjamzito wa miezi mingi, akiwa na kipaza sauti, akitangaza mchezo hivi kwamba hata ambao hawakuweza kuona kioo walisimama bao lilipoingia. Mzee aliketi hapo mpaka mwisho. Kisha alimgeukia mkwewe Mwaniki, akasema, "Kumbe siku ile nilimteremsha bure."

Mtoto yule hakuishi. Lorna alimzaa mwezi wa Desemba na kumzika mwezi huohuo. Alirudi kazini mwezi wa Februari, akiwa amepungua mwili, na hakupenda kuulizwa.

Alikuwa msomaji wa magazeti ya zamani yanayouzwa kando ya barabara, na ndani yake alikata kila habari ya michezo ya kompyuta na televisheni. Alitueleza kwamba Korea ya Kusini kuna vijana wanaolipwa mshahara kwa kucheza, na kwamba mechi zao huonyeshwa kwenye televisheni kama mpira wa kweli; kwamba Marekani kuna ligi za kulipwa, na kijana mmoja huko alishinda mashindano akapewa gari. Mama Gatwiri alimuuliza kama gari hilo lilikuwa la kweli au la kwenye kioo. Lorna alicheka hadi akakaa chini, lakini baadaye alimwambia mama yake kwamba dunia inafungua mlango mpya, na kwamba milango mingine yote watu wa huku walifika wakakuta imejaa. Mlango huu, alisema, ameuona mapema.

Mwezi wa Aprili mwaka huu aliwapeleka Munyi na Mahad Nairobi, kwenye mchujo ulioandaliwa na wauzaji wa mashine za gemu. Vijana wa Nairobi waliwauliza kama huko kwao kuna stima ya kuwashia mashine. Mahad akashika nafasi ya kwanza, Munyi ya pili. Ndipo ukaja mwaliko wa mashindano ya nchi kadhaa za Afrika, yatakayofanyika Johannesburg: wachezaji wawili na kiongozi wao, tiketi zimelipiwa. Lorna hakuwa amewahi kupanda ndege. Alimwambia kila aliyekutana naye kwamba ameomba kiti cha dirishani.

Lorna hakuwa mtu wa kuugua. Alhamisi tarehe 9 Septemba alilalamikia maumivu ya kichwa, akameza dawa, akaenda kazini. Ijumaa asubuhi aliwapikia watoto uji na kumwambia Mwaniki kwamba maumivu yamehamia kisogoni, labda ni shingo tu. Mwaniki alimwomba apumzike. Alijibu kwamba atapumzika kwenye ndege.

Siku hiyo fundi wa nguo alikuwa amekuja ukumbini kuwapima wasafiri koti. Mahad alikuwa ametoka Maua tangu alfajiri kwa pikapu ya baba yake. Lorna alikuwa amesimama kati ya vijana wake wawili, akimwambia fundi asiwabane mabega kwa sababu mchezaji hucheza kwa mabega pia. Hakumaliza sentensi. Alianguka kama mtu aliyesukumwa, na hakukuwa na mtu nyuma yake. Munyi alidhani ameteleza. Alimwita mara kadhaa, madam, madam, mpaka Mahad alipopiga magoti na kuona macho yake.

Walimpeleka hospitali kwa pikapu hiyo ya baba yake Mahad. Madaktari walifanya walichoweza. Alifariki alasiri hiyo, tarehe 10 Septemba 1999, akiwa na umri wa miaka thelathini. Daktari alieleza kwamba mshipa wa damu ulipasuka ndani ya kichwa, na kwamba huenda ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa bila yeyote kujua. Mwaniki alimsikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Daktari," akasema, "nafikiri umekuja kwa mtu mwingine. Mke wangu ni yule wa sweta ya kijani."

Laare habari zilifika kwa simu ya duka. Mama Gatwiri alisikiliza, akakata simu, kisha akamwomba mwenye duka ampigie Lorna ukumbini amuulize ni nani anayeeneza maneno hayo. Simu ilipokelewa na Munyi. Hakuweza kusema kitu, na mama akajua.

Tangu siku hiyo familia imekuwa kama watu walioamshwa ghafla. Jina lake bado linasemwa kwa wakati uliopo. Jumamosi, Mwaniki alimmiminia chai. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuimwaga, ikapoa mezani mpaka Celina, ambaye ana miaka miwili, alipoinywa.

Jumapili baada ya ibada, Munyi na Mahad walikuja hapa pamoja. Walisema hawasafiri tena. Mahad alisema kwamba yeye hawezi kukaa mbele ya kioo bila kusikia sauti ile nyuma yake, na kwamba baba yake amekubali. Wazee waliitikia kwa vichwa, wakaona ni heshima ifaayo. Mzee Koome ndiye aliyeomba nafasi ya kunena, na kwa kuwa yeye si mtu wa maneno, watu walisogea karibu.

Alisema kwamba mkulima akifa shambani, watu humzika yeye, jembe hawaliziki. Kisha akawatazama vijana wale wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Nimekuja huku kuzika mtoto mmoja," alisema. "Mkibaki, mtanifanya nizike wawili. Huyo wa pili mtakuwa mmemuua ninyi."

Mahad alifunika uso kwa mikono yake. Munyi alikubali kwa kichwa. Waandaaji wameruhusu kiti cha kiongozi kichukuliwe na kaka yake, Antony, huyu anayewasomea. Wataondoka kesho.

Marehemu amemwacha mume wake, Mwaniki Rwamba. Watoto wake, Rwamba na Celina. Wazazi wake, Mzee Koome na Mama Gatwiri wa Laare. Mama mkwe wake, Mama Celina wa Kithimu. Kaka yake Antony Mwiti na dada yake mkubwa Kathure. Na vijana wa Ligi ya Mlima kutoka Embu, Meru, Maua na Laare, ambao hakuwazaa. Familia inawashukuru majirani, kanisa, na ndugu Waislamu wa Maua waliokesha nasi na kuchimba kaburi hili kwa mikono yao.

Hatujui bado namna ya kusema kwamba Lorna alikuwa. Tutajifunza polepole, na mtuvumilie tukikosea. Mungu aliyempa sauti ile ndiye aliyeinyamazisha, na sisi hatujamwelewa. Lakini tunamkabidhi Lorna mikononi mwake, ampe pumziko na amani.