Fundi Aliyepima Mara Mbili

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani na wateja wote, familia imenipa kazi ya kusoma historia hii, na mtakaocheka msione haya, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza kwamba atakayeisoma amenuna apokonywe karatasi.

Marehemu shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ambaye wengi mlimwita Mama Futi kwa ajili ya ile futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake hata siku za ibada, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa pili kati ya watano wa baba fundi viatu na mama mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1949 hadi 1956, na mwaka 1959 akahitimu ushonaji katika kituo cha ufundi, akiwa na cheti kimoja na maneno mengi.

Tarehe 5 Mei 1962 alifunga ndoa na kaka yangu, dereva wa lori, wakajaliwa watoto wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili, wote wako hapa. Kaka alikuwa mtu wa miraba minne, hajui homa wala kichwa kuuma, na Jumamosi asubuhi, tarehe 9 Juni 1984, akiwa anaosha lori, alianguka kwa kiharusi, akafariki kabla ya jioni akiwa na miaka 46, na daktari alipouliza presha yake huwa ngapi, hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Shemeji alilia sana, na neno alilolirudia miaka yote ni hili: “Nilimjua kiuno, nikamjua kifua, namba iliyomuua sikuijua.”

Mwaka 1986 mteja wake mmoja, muuguzi aliyekuwa anastaafu, alimfundisha kutumia mashine ya presha, na tangu hapo hakuna aliyepimwa nguo kabla ya kupimwa presha: unakaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mdomo umefunga, unapimwa mara mbili, na namba zinaandikwa daftarini juu ya vipimo vya mabega na kiuno. Kunyamaza dakika tano kulimtesa yeye kuliko mteja. Wanaume walilalamika kwamba wamekuja kushona shati, hawakuja kulazwa, naye akawajibu kwamba maiti hachagui kola. Dawa hakumpa mtu hata siku moja, alikuandikia namba zako kwenye kikaratasi, akakutuma zahanati, na usipokwenda alikukumbusha mbele za watu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Mficha maradhi mkubwa nilikuwa mimi. Tarehe 26 Julai 1999 nilikwenda kupimwa suruali ya harusi ya binti yangu, presha ikasoma 178 kwa 112, nikapewa kikaratasi, nikaitikia “Sawa, shemeji,” nikakitia mfukoni, zahanati sikukanyaga. Alhamisi tarehe 19 Agosti, siku mbili kabla ya harusi, nilikwenda kuchukua suruali yangu, nikaikunjua mbele ya wateja, ikanipita kichwa, kwa maana ilikuwa na urefu wa sentimita 178 na kiuno cha 112, tungeingia mimi na mshenga. Shemeji akashika kichwa, akasema miwani imemponza, amesoma mstari wa presha. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, nami nikacheka, kisha nikaitazama ile presha yangu niliyoishika kwa mikono miwili, ndefu kuliko mimi, nikaogopa. Kesho yake alfajiri nilikuwa mlangoni mwa zahanati, nikaanzishiwa vidonge, navimeza mpaka leo, na wajukuu niliowapakata wanajaza benchi lile pale. Suruali sahihi aliniletea jioni ileile, akisema ameishona mbio mbio.

Shemeji aliugua saratani ya tumbo tangu Januari 2023, na wodini alimsahihisha kila aliyempima presha huku akimsemesha. Alifariki Jumatano tarehe 18 Oktoba 2023, akiwa na miaka 82, na presha yake ya mwisho kuandikwa ilikuwa 126 kwa 78.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, mafundi wenzake mliofunga vibanda vyenu leo, na zahanati iliyopokea vikaratasi vyake miaka thelathini na saba bila kuchoka.

Juzi, nikitafuta tarehe za kusoma hapa, nilifungua daftari lake la mwaka 1999. Suruali yangu sahihi ilimalizika tarehe 10 Agosti. Ile ndefu ameiandika tarehe 17, kitambaa cha mabaki, na pembeni maneno matatu: “Labda hii ataiona.”

Niliiona, shemeji. Binti yako mkubwa ameweka mashine pale kwenye cherehani yako, na hakuna atakayeondoka bila kukaa dakika tano. Lala kwa amani, fundi wetu, kupima tutapima sisi.