Dada Mizani na Propela Nne Nilizobadilisha

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza dada yetu, marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, kifungua mimba wa fundi cherehani na mpiga chapa. Mimi ninayesoma wasifu huu ni mdogo wake wa pekee.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yetu, kisha chuo cha ufundi, akahitimu umeme mwaka 1996, mwanamke pekee darasani. Mwaka huohuo aliajiriwa karakana ya idara ya maji, kazi yake kusuka upya mota za pampu zilizoungua.

Mwaka 2001 aliolewa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili. Jina la Mizani alipewa na shemeji, baada ya mizani ya jikoni kuhamia kwenye meza ya ufundi. "Nyumba hii skrubu zinapimwa kuliko unga!" alilalamika, huku akimshikia taa.

Alikuwa akiunda droni ya kukagua paa la tangi la maji, wenzake waache kupanda ile ngazi ndefu. Alinifundisha kwamba unaanza na uzito wote, betri ikiwemo. Mota nne ziweze kuinua mara mbili ya uzito huo. Propela isiitwishe mota mzigo isioumudu, na betri iweze kutoa umeme unaotakiwa. "Ukibadilisha kimoja, umebadilisha vyote," alisema. Nilikuwa naitikia tu, akili iko kwenye simu.

Tarehe 9 Julai 2019 wakuu wa idara walikuja kuona majaribio. Asubuhi hiyo nilikalia mfuko wa vifaa, nikavunja propela mbili. Niliona aibu kusema. Nikakimbia dukani kununua nne nyingine, urefu uleule, rangi ileile, ila mabapa yake yalikuwa na mwinamo mkali zaidi.

"Hizi zinakula umeme sana," muuzaji aliniambia. "Mota zenu zitaziweza?"

"Zitaziweza," nikajibu, nami sikujua lolote.

Nilizifunga mwenyewe. Droni ilipaa dakika tatu, mota zikatoa moshi, ikaanguka miguuni pa wakuu. Mmoja akacheka: "Mama, rudi kwenye pampu zako." Dada akasema, "Hesabu ni zangu, kosa ni langu." Mimi nikaokota vipande vya propela, nikavitupa kabla hajaviangalia. Mradi ukafutwa. Hakuunda nyingine.

Ratiba mliyoshika inasema droni ilianguka "kwa kasoro ya hesabu." Maneno hayo niliyaandika mimi, juzi tu, yeye akiwa mochwari. Ni uongo. Naona haya kuwatazama, hasa shemeji na mabinti.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2023. Tarehe 2 Mei 2024 nilikwenda hospitali nimeazimia kumwambia. Nikamkuta na daftari la droni kitandani.

"Afadhali umekuja," akasema. "Macho yamechoka. Hebu nipitie hapa, labda wewe utaona nilipokosea."

Nikalipokea. Nikasema, "Nitaangalia, dada."

Alifariki tarehe 4 Mei, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama yetu, na mdogo wake huyu. Daftari nimelipitia lote, shemeji naye amelihakiki bila kujua kwa nini nilimwomba.

Dada, hukukosea popote. Upate sasa amani niliyokunyima kwa karibu miaka mitano.