Hoteli ya Siku Sita: Maisha ya Mama Persis Gesare Obwocha

Yameandikwa na kusomwa na shemeji yake, Mwalimu Nehemiah Ongeri, nyumbani kwa Mzee Obwocha karibu na Ogembo, Jumapili tarehe 11 Machi 1979.

Persis Gesare alizaliwa Kebirigo, upande wa Nyamira, mwaka wa 1927, akiwa binti wa tatu wa Mzee Nyamongo na mkewe Kerubo. Siku yenyewe hakuna aliyeiandika. Alipokwenda kubatizwa akaulizwa tarehe ya kuzaliwa, alifikiri kidogo akasema tarehe kumi Aprili, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumbishia. Ndivyo alivyokuwa shemeji yangu. Jambo akishalisema, limesemwa, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi alikuwa amesema kweli.

Mwaka wa 1936 alipelekwa kwa shangazi yake, Mosocho, ili awe karibu na shule ya misheni. Alisoma hadi darasa la nne, akamaliza mwaka wa 1940. Kusoma Biblia alikuweza upesi, hesabu aliiweza, ila kushona kulimshinda kabisa. Blauzi yake ya mtihani ilikuwa na mikono miwili ya kushoto, na shangazi yake aliivaa shambani miaka mingi kwa sababu hakupenda kitu kipotee bure. Jikoni lakini, hakuwa na mpinzani. Walimu wenyewe walitafuta sababu za kupita kwa shangazi wakati wa chakula. Alibatizwa mwaka wa 1943 katika Kanisa la Waadventista wa Sabato, na ahadi aliyoitoa siku hiyo ndiyo iliyoendesha mambo yake yote mengine.

Alifunga ndoa na kaka yangu, Obwocha, seremala wa hapa Ogembo, tarehe 12 Desemba 1946. Kaka alipokwenda kumwona mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi, naye alibeba msumeno na randa ili awatengenezee wakwe mlango na kuonyesha ufundi wake. Binti alimkuta uani akipima mbao. Akamwambia, "Weka hiyo kitu chini. Leo hata mlango imepumzika." Kaka aliweka chini. Amekuwa akiweka chini kila Jumamosi kwa miaka thelathini na miwili, na leo mbele yenu nashuhudia kwamba hajawahi kunung'unika, walau si karibu na mkewe. Mungu aliwajalia watoto watano, na kwa jina la binti yao wa kwanza sokoni aliitwa Mama Bathsheba.

Jumapili tarehe 5 Januari 1964 marehemu alifungua hoteli yake sokoni Ogembo, katika chumba ambacho mumewe alikijenga kwa mbao zake mwenyewe. Alipika ugali wa wimbi, maharagwe, mboga zetu za chinsaga na managu, viazi vitamu, ndizi na nyama ya ng'ombe. Chai hakupika. Yeye hakuinywa kwa sababu ya imani yake, na alisema hawezi kumwuzia jirani kitu anachomkataza mwanawe. Katika nchi hii yetu inayolima chai kila kilima, hoteli isiyo na chai ilikuwa kichekesho, na vijana waliibandika jina la Hoteli ya Watoto Wachanga kwa sababu ya uji na maziwa aliyouza badala yake. Walicheka hivyo huku wakiomba kikombe cha pili.

Aliajiri wanawake wawili. Wa kwanza alikuwa Bitutu, mjane wa hapa Ogembo mwenye watoto wadogo, na wa pili Nereah, mama kutoka upande wa ziwani ambaye mumewe alimwacha mjini bila nauli. Kila asubuhi, kabla moto haujawashwa, watatu hao waliombeana, na yeyote mwenye kinyongo na mwenzake alikisema hapo hapo. Marehemu alisema chakula kikipikwa na watu walionuniana, mteja hujua. Na kila Ijumaa, jua likikaribia kuzama, hoteli ilifungwa hadi Jumamosi jioni. Hapo ndipo palipouma. Jumamosi ndiyo siku ambayo watu wengi walikuwa na pesa mfukoni, nao waliingia hoteli ya ng'ambo ya barabara. Kufikia mwaka wa 1969 mambo yalikuwa magumu. Marehemu alijua kwamba kazi isipoongezeka, angelazimika kuwarudisha Bitutu na Nereah nyumbani, na nyumbani kwao hapakuwa na kitu.

Mwaka huo ilikuja kampuni ya kupanua barabara yetu. Msimamizi wake alikuwa Bwana Benard Okeyo, mtu wa ziwani na Mkristo wa Jumapili, aliyetafuta hoteli ya kuwalisha wafanyakazi wake kwa muda wote wa ujenzi. Alikuja kwanza kuuliza.

"Mama Bathsheba, watu yangu iko na njaa siku saba," alisema.

"Mimi nitapikia njaa ya siku sita," marehemu akamjibu. "Ya saba nitaipikia Ijumaa, wabebe, wapashe wenyewe huko kambini."

Okeyo alisema atafikiri. Akaahidi kurudi Ijumaa ya tarehe 17 Oktoba na watu wake wachache, waonje, kisha aamue.

Siku hiyo walikula vizuri sana. Nilikuwapo, nimekaa kona ile karibu na jiko. Mara mbingu zikafunga, ikaja mvua ya mawe ya kwetu, ile inayopasua majani ya migomba, na ndani kukawa giza. Saa ya ukutani ilikuwapo, lakini marehemu hakuisikiliza siku ya Ijumaa. Alikuwa na msemo wake kwamba Mungu hakusema saa kumi na mbili na nusu, alisema jioni. Alitazama nje, hakuona jua, akapiga makofi.

"Sabato imeingia! Ndugu zangu, bebeni sahani zenu, mtarudisha Jumapili."

Wageni wetu wakajikuta chini ya upenu, sahani mikononi, mawe ya mvua yakidundia ugali. Kufuli ikalia nyuma yao. Sisi tuliobaki ndani tukaanza kuimba, na hatukuwa tumefika ubeti wa pili wakati mvua ilipokatika, wingu likasogea, na jua likaingia dirishani likatupiga usoni. Lilikuwa bado juu ya kilima, jeupe, halina haraka yoyote.

Wimbo ulikufa. Nje tulisikia soko zima likicheka. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mama Bathsheba, haraka haraka haina baraka!"

Nereah, aliyekuwa na mengi ya kupoteza kuliko sote, alimshika mkono. "Mama, nyamaza tu," akanong'ona. "Watafikiri ni bidii ya dini."

"Huo ni uongo, Nereah," marehemu akasema. "Tena Sabato yenyewe bado haijaingia."

Alijua wazi kwamba anafungua mlango ili achekwe, na kwamba nje amesimama mtu aliyeshika riziki ya wanawake wake wawili. Alifungua. Akasimama mlangoni, leso kichwani imeenda upande, akasema kwa sauti ya kufika kila kibanda, "Nimekosa. Nimeharakisha jua ya Mungu. Si dini imewatoa nje, ni mimi. Rudini ndani, chakula ipashwe moto."

Walirudi, wamelowa. Bwana Okeyo alikula sahani yake yote, akanawa mikono, ndipo akasema.

"Mama, nimefanya kazi na watu wa dini wengi. Akikosa, anasema ni Mungu, ni Nyasaye amepanga. Wewe umesema ni wewe. Watu yangu utawapikia."

"Siku ngapi?" marehemu akauliza, maana hakuwa mtu wa kuacha jambo likielea.

"Sita. Ya saba tutapasha wenyewe."

Jua lilipozama kweli, soko zima lilikuwa limekaa likilitazama, na walipomwona akifunga mlango walimpigia makofi. Tangu Ijumaa ile alikubali kuangalia saa ya ukutani, ingawa alidai inawahi. Barabara ilichukua karibu miaka miwili kukamilika. Bitutu na Nereah hawakurudi nyumbani.

Mwaka wa 1974 alichaguliwa katika kamati ya soko, mwanamke pekee. Wazee walipotaka kujenga geti kubwa lenye majina yao, yeye alitaka choo. Alisema hajawahi kumwona mtu akikimbilia geti. Choo kilijengwa, na nyote mnajua ni kipi.

Ugonjwa wa sukari ulianza kumsumbua mwaka wa 1976. Mwanzoni mwa mwaka huu mguu ulivimba, akalazwa hospitali mjini Kisii, na huko akawaombea wauguzi kabla hawajamwombea yeye. Tulimpoteza alfajiri ya Jumanne tarehe 6 Machi, mumewe akiwa amemshika mkono. Tumeumia. Sisemi zaidi ya hapo, kwa sababu sauti yangu haitafika mwisho wa ukurasa.

Ameacha mumewe, Mzee Obwocha. Watoto watano, wa kwanza wao Bathsheba. Wajukuu kumi na mmoja. Ndugu zake wa Kebirigo. Na rafiki yetu Bwana Okeyo, aliyekuja tangu jana, yuko pale nyuma.

Mtashangaa kwamba sijawataja Bitutu na Nereah, na kwamba hamwaoni hapa, ingawa walimpenda kuliko wengi wetu. Siku mbili kabla hajafariki walikuja kumwona, Bitutu akamwambia kwamba likitokea la kutokea, watafunga hoteli kwa matanga. Marehemu akaketi kitandani, jambo ambalo daktari alikuwa amemkataza. "Hoteli yangu inafungwa kwa ajili ya Mmoja tu," akawaambia, "na huyo si mimi. Nikizikwa siku ya kazi, pikeni." Leo ni Jumapili. Wamelia usiku kucha, asubuhi wakaombeana, wakawasha moto. Atakayeteremka sokoni baada ya mazishi atawakuta wakipakua, na wameniagiza niwaambie kwamba viti vipo.

Mama Persis Gesare amemaliza kazi zake zote. Sasa na apumzike, hadi Bwana wake atakapokuja kumwamsha.