Mawe Kumi na Moja ya Ntate Lekunutu

Wasikilizaji wapendwa, leo mniwie radhi. Sauti hii mliyoizoea redioni leo naionea haya, na sababu nitaisema.

Mzee wetu, Ntate Lekunutu Phakoe, mwashi wa mawe, jirani yangu, ametutoka. Alikuwa na miaka sitini na nane.

Ujana wake uliishia kwenye migodi ya dhahabu ng'ambo ya mpaka. Alirudi na redio na kikohozi. Redio iliharibika. Kikohozi kilibaki. Ndipo akashika kazi ya kusakafia nyua kwa mawe bapa ya mlimani.

Mawe yetu mnayajua. Upande huu unene vidole vitatu, upande ule vitano. Wengine humwaga saruji wakamwachia Mungu. Ntate Lekunutu alililaza jiwe juu ya mchanga, akalikanyaga, akaliinua tena, akausoma mchanga. Palipobanwa alikwangua. Palipobaki tifutifu aliongeza. Kisha aligonga kwa mpini wa nyundo na kutega sikio. Chini kukiwa na uwazi, jiwe hulia.

Siku moja nilimtania, "Ntate, hilo jiwe unaliweka au unalilea?"

Akanijibu bila kuinua kichwa, "Wewe kaongee na watu usiowaona."

Wasikilizaji wapendwa, miaka miwili iliyopita mkewe, mama yetu M'e Malikeleli, alipata kiharusi. Upande wa kushoto ukapooza. Akapewa fimbo ya miguu minne, na fimbo hiyo haina mzaha: mguu mmoja ukining'inia, mtu yuko chini. Alianguka mara mbili uani kwake. Basi Ntate akaanza kuusakafia ua, kutoka mlangoni hadi langoni, ili mkewe atoke mwenyewe.

Binti yao, Likeleli, ameniambia, "Baba alisema, 'Mama yako anachukia kubebwa kuliko anavyouchukia ugonjwa.'"

Yalibaki mawe kumi na moja, yale ya langoni. Hapo kifua kikakataa. Kuinua jiwe hakuweza tena. Hata kusema hakuweza, zaidi ya neno moja au mawili.

Tukaitisha letsema, kazi ya ujima. Wanaume kumi na wanne, wimbo mmoja, pombe baadaye. Aliyeongoza wimbo ni mimi. Tulikuwa na uzi, tulikuwa na pima maji, na mawe yalishuka kwa mdundo. Ntate alikaa mlangoni ndani ya blanketi lake. Akainua fimbo yake ya kutembelea, akapiga chini.

Nikawaambia wenzangu, "Mnaona? Mzee kafurahi."

Tukaimba zaidi. Akapiga tena. Akapiga mpaka fimbo ikamponyoka, nasi tukamshangilia.

Tulipomaliza nilimwinamia. Akasema neno moja: "Yanalia."

Wasikilizaji, nilimsikia. Lakini watu walikuwa wameshashika vikombe. Nikamwambia, "Kesho, Ntate, tutayarekebisha." Kesho yake alipelekwa hospitali. Hakurudi.

Jumamosi tulimzika. M'e Malikeleli alitoka nyuma ya jeneza na fimbo yake. Juu ya mawe ya mumewe alitembea bila kutazama chini. Alipofika kwenye yetu, fimbo ikayumba. Akajaribu jiwe la pili. Likacheza. Akasimama. Watu wakataka kumbeba, akakataa.

Likeleli anasema, "Mama alinishika mkono akaniambia, 'Nendeni naye. Mimi nimefika hapa.'"

Jeneza likatoka langoni, yeye akabaki uani. Mimi nilikuwa nimelibeba, upande wa nyuma. Sikuweza hata kugeuka.

Familia ya Phakoe, poleni sana. Likeleli, pole. Na wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako yupo mtu aliyebakiwa na pumzi kidogo, nyamaza kwanza umsikilize. Usimwambie kesho.

M'e Malikeleli, najua umefungua redio, na najua wanisikia asubuhi nikihangaika pale langoni kwako. Mawe yote kumi na moja nimeyang'oa. Nalilaza moja, nalikanyaga, naliinua, nautazama mchanga. Sijui kuusoma, M'e. Aliyejua nilimwimbia juu ya sauti yake. Leo nimelirudia jiwe la kwanza mara saba, na bado linalia.