Asante za Mkwe Mtarajiwa

Gaudensia alikuwa ndani ya basi akienda Haydom kumbariki mchumba wa mwanawe, binti wa Kiingereza aliyejifunza Kiswahili mwaka jana tu, na njia nzima alikuwa akimlalamikia.

"Amekutukana?" aliuliza mzee Akonaay, abiria wa kiti cha jirani.

"Heri angenitukana, mzee wangu! Anashukuru. Alipokuja kwetu, nikimpa maji, asante. Nikimsogezea kigoda, asante. Nikifukuza kuku, asante! Lakini hajawahi kuuliza watoto wameamkaje, wala ng'ombe, wala mvua. Shikamoo, kisha kimya."

"Labda kwao ndiyo heshima."

"Anayeshukuru hivyo ni mgeni anayeaga. Huyu hakai. Atamchukua mwanangu aende naye kwao."

Mzee, aliyemtetea binti wa watu tangu basi lilipopita kituo cha Dongobesh, sasa akakuna kidevu. Shaka nayo huambukiza kama mafua.

Basi likasimama Haydom, Gaudensia akashuka. Binti alikuwa akingoja juani, akampokea Gaudensia mfuko wa mahindi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Gaudensia akasubiri ng'ombe waulizwe.

"Asante sana kwa kuja."

Gaudensia akageukia dirisha la basi, alikokuwa bado ameketi mzee Akonaay. "Umesikia, mzee? Ananiaga, na hata sijafika!"